Kasuku wa Kijivu Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa anayetaka kununua kasuku, aliyerithishwa kasuku, na aliyetumiwa kwenye WhatsApp picha ya kifaranga mwenye mkia mwekundu na kuambiwa "wamebaki wawili tu". Kuna wanyamapori wengi wanaofungiwa majumbani, na tumewagusia baadhi yao mbele huko, lakini huyu wa kijivu ndiye tunayeulizwa kuliko wote. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: usimnunue. Akili yake, jinsi anavyoshikamana na mwenzake, umri wake mrefu, yote yanayomfanya apendwe ndiyo yanayomtesa akishafungiwa.

Kasuku wangu anapanda begani, anakula mkononi mwangu, ananiita kwa jina. Bado ni mnyamapori?

Bado. Kumzoea mtu ni jambo moja, kuwa mnyama wa kufugwa ni jingine. Kuku, mbuzi, ng'ombe na njiwa wamekaa na binadamu maelfu ya miaka, na kizazi baada ya kizazi watu wamechagua wale watulivu wakawazalisha mpaka maumbile yao yakabadilika. Kasuku hajapitia hayo. Hata aliyeanguliwa kizimbani, mababu zake walikuwa msituni juzi tu. Mwili wake umeumbwa kuruka kilomita nyingi kwa siku akifuata matunda, hasa ya michikichi. Jioni hurudi kulala juu ya miti pamoja na mamia ya wenzake. Akishapata mwenza hukaa naye mwaka hadi mwaka. Anapong'ang'ania bega lako, ni kwa sababu wewe ndiye kundi pekee alilobakiwa nalo.

Anatokea wapi?

Misitu ya mvua ya Afrika, kuanzia pande za Ivory Coast na Ghana, kupita bonde la Kongo, hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na ile kona ya Tanzania iliyoko Kagera. Huku mashariki wamebaki wachache. Ukimkuta kasuku wa kijivu kwenye baraza ya nyumba ya Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, jua kwamba pwani hakuna msitu wake: ameletwa, na mara nyingi yeye au wazazi wake wametoka Kongo.

Wanakamatwaje?

Hili ndilo swali ambalo muuzaji hapendi uulize, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

Njia kuu ni ulimbo, gundi ya kunasia ndege. Mkamataji huufahamu mti ambao kasuku hulala, au uwazi wa msituni wanakoshuka kula udongo wenye madini. Hupaka ulimbo kwenye vijiti au makuti, kisha hufunga kasuku mmoja mahali hapo kama chambo. Wenzake husikia mlio wake, hushuka kumwendea, na hunasa. Ndege wa jamii hii hawamwachi mwenzao anayelia, na mtego umejengwa juu ya tabia hiyo hiyo. Wakishanaswa hung'olewa vijitini, manyoya yamegandamana kwa gundi, na yale marefu ya mabawa hukatwa kwa kisu papo hapo ili wasiruke.

Njia ya pili ni kuwatoa vifaranga kwenye mapango ya miti. Kasuku hachimbi tundu lake mwenyewe. Hutegemea pango lililokwisha kutokea kwenye mti mkubwa na mkongwe. Pale ambapo mti haupandiki, huangushwa. Vifaranga wawili watatu wanapatikana, na pango ambalo lingetumiwa na jozi nyingine kwa miaka mingi limekwisha. Mti mwingine wa umri ule hauoti kesho.

Kutoka hapo ni safari ya matenga na masanduku, kwa mtumbwi, kwa pikipiki, hadi miji ya Kongo kama Kindu na Kisangani, halafu hupakiwa kwenye eropleni. Wamebanana, hawana maji ya kutosha, majeraha hayatibiwi, na ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Watafiti wanakadiria kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya wanaokamatwa hufa kabla hata ya kusafirishwa nje ya nchi. Sasa weka hilo pembeni ya hesabu hii: tangu 1975 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja na laki tatu waliotoka porini waliuzwa nje kihalali, kwa karatasi zilizogongwa mihuri. Waliokufa matengani hawamo humo, wala waliopita magendo.

Ghana imekwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Watafiti waliorudi kwenye misitu ile ile waligundua kwamba idadi ya kasuku imeshuka kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadhi ya miti iliyokuwa ikijaa mamia ya ndege jioni haikuwa na hata mmoja.

Lakini huyu ninayeuziwa nimeambiwa amezalishwa kizimbani.

Inawezekana. Afrika Kusini, kwa mfano, ina mashamba makubwa yanayowazalisha. Lakini huku kwetu neno hilo hutamkwa kirahisi mno. Muulize muuzaji akuonyeshe wazazi wa ndege, pete iliyofungwa mguuni tangu akiwa kifaranga, na kibali chenye namba ya pete hiyo. Wengi wataanza kupiga chenga hapo hapo.

Mwangalie na ndege mwenyewe. Macho ya kifaranga ni meusi au ya kijivu iliyokolea; akikaribia mwaka na kuendelea yanageuka manjano. Ukiambiwa "ana miezi mitatu, amelishwa kwa mkono" na macho ni manjano mpauko, unauziwa ndege mzima. Sogeza mkono taratibu. Aliyetoka porini karibuni hujirudisha kona ya mwisho ya tundu, hujilaza kidogo, na kutoa mngurumo wa koo unaokwaruza, karibu kama wa mbwa mdogo. Watu huucheka wakidhani ni ukali. Ni woga, na ukishausikia huusahau kwa shida.

Hata akiwa kweli wa kizimbani, matatizo ya chakula, upweke na umri yanayofuata hapa chini ni yake pia. Alichookoka ni ulimbo na tenga.

Sheria inasemaje?

Kimataifa, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, zilikutana Johannesburg mwaka 2016 na kumweka kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali zaidi, daraja moja na sokwe. Uamuzi huo ulianza kazi tarehe 2 Januari 2017, na biashara ya kimataifa ya ndege waliotoka porini ikapigwa marufuku.

Ndani ya nchi zetu, Kenya ina Sheria ya Wanyamapori ya 2013, Tanzania ya 2009 na Uganda ya 2019. Zinatofautiana kwa mengi, ila kwa mwenye kasuku jibu linafanana: kumiliki mnyamapori bila kibali cha mamlaka ni kosa, na kwa mnyama aliye hatarini kutoweka adhabu ni nzito. Kutojua si utetezi. Mahakama za Kenya zimeonyesha hata wadudu si mchezo: mwaka 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji waliokutwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000 wa kuuzia wafugaji wa ng'ambo walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi kumi na miwili.

Kenya pia iliwahi kufungua mlango wa huruma. Kuanzia Desemba 2021 hadi Machi 2022 waliokuwa na kasuku wa kijivu bila kibali waliruhusiwa kujiandikisha bila kushtakiwa. Dirisha hilo lilifungwa.

Nahamia ng'ambo. Naweza kuondoka naye?

Usipange safari ukitegemea hilo. Utahitaji vibali vya CITES vya nchi unayotoka na unayokwenda, na uthibitisho kwamba ndege alipatikana kihalali, karatasi ambayo wengi hawana. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa ndege wa porini 2005 na kuufanya marufuku ya kudumu 2007; Marekani ina sheria yake tangu 1992. Wanaoondoka humwachia shangazi au jirani, na huyo naye baada ya muda humtafutia mtu mwingine.

Anaishi miaka mingapi?

Akitunzwa vizuri, arobaini hadi sitini. Ukimnunulia mtoto wa darasa la nne, kuna uwezekano mkubwa ndege huyo awepo mtoto akiwa na wajukuu. Katikati hapo kuna bweni, chuo, kazi, ndoa, kuhama nyumba, labda mume au mke asiyetaka ndege ndani. Na kasuku huchagua mtu mmoja. Wengine wa nyumba hiyo hung'atwa, na mdomo unaopasua kokwa la mchikichi haushindwi na kidole. Tumewaona kasuku waliopita mikononi mwa familia tano, kila moja ikilalamika kwamba "amekuwa mkali". Kila mara alikuwa ameondolewa mwenza wake.

Nampa alizeti na karanga siku zote na yuko sawa. Kuna ubaya?

Upo, ila unakuja polepole. Mbegu za alizeti zina mafuta mengi, kalisi (kalsiamu) kidogo, na karibu hazina vitamini A. Kasuku wa kijivu ni dhaifu hasa kwenye kalisi: anaweza kukaa miaka bila dalili, halafu siku moja aanguke kutoka kijitini akitetemeka kwa degedege. Upungufu wa vitamini A huonekana kwa vidoa vyeupe mdomoni, pua kutiririka na kifua kisichopona. Mafuta nayo hujijenga kwenye ini na mishipa ya moyo.

Ambaye tayari anaye kasuku ampe mboga za majani kama mchicha na sukuma wiki, karoti, boga, pilipili hoho, papai, maharage yaliyoiva vizuri, na mbegu ziwe kidogo mwishoni. Abadilishe taratibu, kwa wiki kadhaa, akimpima uzito kwenye mizani ya jikoni. Ndege mzima huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi, na uzito ukianza kushuka haraka, asimamishe mabadiliko kwanza. Parachichi asipewe kabisa, ni sumu kwake. Chokoleti, kahawa, vyakula vya chumvi nyingi, hivyo hivyo.

Na hewa. Mapafu ya ndege yana vifuko vya hewa vinavyosambaa mwilini, kwa hiyo anachovuta humfika kwa kasi. Moshi wa makaa, udi na ubani kwenye chumba kilichofungwa, dawa ya mbu ya kupuliza, vyote vinamwumiza. Kikaango kisichoshika chakula kikiachwa motoni kikapitiliza joto hutoa mvuke usioonekana unaoweza kumuua kwa dakika chache.

Kwa nini anajing'oa manyoya?

Kwanza apelekwe kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, maana ugonjwa wa ngozi, ini au minyoo huweza kuwa chanzo. Madaktari wa aina hiyo ni wachache sana Afrika Mashariki. Hilo peke yake lingetosha kumfikirisha mnunuzi.

Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Akili haina kazi.

Watu wanajua kwamba kasuku anaiga sauti, ila hawajui anafikiri kiasi gani. Mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua kasuku wa kijivu kwenye duka la wanyama Chicago mwaka 1977, akampa jina Alex na kumfundisha kwa miaka thelathini. Alex alijifunza majina ya vitu hamsini hivi vya aina mbalimbali, akataja rangi na maumbo, akahesabu hadi sita, na akaweza kusema ni kipi kikubwa na kipi kidogo. Alikufa 2007 akiwa na miaka 31. Alex alikuwa na watu wa kushughulika naye kutwa nzima. Chukua akili ya aina hiyo uiweke kwenye tundu la waya ukumbini, karibu na televisheni, nyumba ambayo watu hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku.

Huanza kifuani. Manyoya madogo ya kijivu yanaonekana chini ya tundu, unadhani anapukutika kama kawaida. Kisha kifua kinabaki na sufi nyeupe, kisha ngozi tupu yenye vipele, rangi ya kuku aliyenyonyolewa, na kichwa pekee kinabaki kizuri kwa sababu mdomo haukifikii. Wengine hupita hapo wakaanza kujing'ata nyama. Wapo wanaopona wakipewa mwenzao, nafasi na shughuli. Wapo ambao vinyweleo vimekwisha kuharibika, na manyoya hayaoti tena.

Bibi alikuwa na kasuku Mombasa miaka thelathini, wala hakuwa na shida. Mbona?

Inawezekana bibi alimpenda na kumtunza kwa kadiri alivyojua. Nyumba za zamani zilikuwa na ua, watu wa kila rika wakiwemo kutwa, na ndege hakukaa peke yake. Lakini ndege huficha ugonjwa na unyonge, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa na mwewe. Kutoona shida hakuthibitishi kwamba haikuwepo. Na miti ya Kongo ya enzi za bibi ilikuwa imejaa. Leo kila anayetolewa anapunguza kundi lililokwisha kupungua.

Anaweza kutuambukiza ugonjwa?

Ndiyo, na hili lina hatari ya pekee kwetu. Kuna bakteria wa homa ya kasuku ambaye hukaa kwenye kinyesi na majimaji ya pua. Vikikauka huwa vumbi, na mtu huvuta. Dalili ni homa kali, kichwa kuuma, misuli kuuma, kikohozi kikavu, na wengine hufikia nimonia. Ukisoma orodha hiyo unaona tatizo: kwenye zahanati zetu mgonjwa huyo atapimwa malaria, na ikikosekana atapewa dawa ya taifodi. Homa ya kasuku inatibika vizuri kwa antibaiotiki inayofaa ikianzwa mapema. Mwambie daktari kwamba nyumbani kuna kasuku, hata kama hakuuliza.

Kitu cha pili ni unga. Kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe mwingi wa manyoya. Pitisha kidole juu ya kabati lililo karibu na tundu utauona. Mwenye pumu hupata taabu. Wengine, baada ya miaka ya kuuvuta, mapafu yao hujenga mzio na kovu, na pumzi hupungua bila wao kujua chanzo.

Nikimnunua kwa muuzaji ili nimwokoe?

Tunaielewa huruma hiyo na inatuuma kuijibu. Ukilipa, muuzaji hahesabu huruma yako, anahesabu mauzo, na wiki ijayo anaagiza mwingine. Piga picha ukiweza bila kujihatarisha, andika mahali na muda, toa taarifa.

Basi nimfungulie tu mlango aruke?

Usifanye hivyo. Kasuku aliyekaa kizimbani hana misuli ya kuruka, hajui matunda ya msitu, hamtambui mwewe, na pengine ana virusi atakavyowapelekea walio huru. Akiachiwa Dar es Salaam au Mombasa hata msitu wake haupo. Urudishaji wa kweli huanza na karantini na vipimo, kisha miezi ya mazoezi ya kuruka ndani ya kizimba kikubwa, kisha kuunganishwa na wenzake wawe kundi, ndipo wanaachiwa pamoja kwenye eneo lenye ulinzi. Waliokatwa mabawa husubiri manyoya mapya, na hiyo inaweza kupita mwaka.

Ninaye tayari, na sitaki kuvunja sheria wala kumtesa. Nifanyeje?

Wasiliana na mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako: KWS Kenya, TAWA Tanzania, UWA Uganda, ICCN Kongo. Kama unaogopa, tafuta kwanza wakili au shirika la uhifadhi likusindikize. Anayejitokeza mwenyewe yuko mahali pazuri kuliko anayekutwa. Vituo vipo. Lwiro, karibu na Bukavu, kinapokea nyani, sokwe na kasuku walionaswa kwenye magendo, na Entebbe kuna kituo cha elimu ya wanyamapori kinachopokea waliookolewa.

Rwanda imeonyesha kwamba nchi nzima inaweza kugeuka. Korongo taji walikuwa wakifugwa kwenye bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo, mabawa yamekatwa. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza mwaka 2014 kushirikiana na serikali: wenye ndege walitangaziwa wajiandikishe bila adhabu, ndege wakachunguzwa mmoja mmoja, na waliokuwa wazima wakapelekwa Hifadhi ya Akagera kujizoeza maisha ya porini. Waliovunjika mabawa wasioweza kuruka tena wanaishi Umusambi Village, Kigali, mahali penye majani na maji ambapo wageni huenda kuwatazama. Tungependa kuona mpango wa namna hiyo wa kasuku katika kila nchi ya kanda hii, na usiwe wa miezi mitatu.

Na tumbili, kobe, duma?

Kwa ufupi. Mtoto wa tumbili anapatikana baada ya mama yake kuuawa, kwa kuwa hamwachii mtu akiwa hai. Akikomaa ana meno ya kurarua, na huweza kubeba kichaa cha mbwa. Yule kobe bapa wa kwenye mawe wa Kenya na Tanzania hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila anayeokotwa ni pengo lisilozibika upesi. CITES ilimweka Kiambatisho cha Kwanza mwaka 2019. Watoto wa duma hupitishwa magendo kutoka Pembe ya Afrika kuvuka bahari kwenda Uarabuni, wengi wakifia njiani. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria mwaka 2016 kuwazuia watu binafsi kumiliki wanyama hatari, kwa hiyo ndugu zetu walioko huko wasidanganywe na picha za duma ndani ya magari ya kifahari.

Watoto wangu wanapenda ndege. Niwafugie nini?

Njiwa. Wamezoea binadamu tangu kale, hula mtama, huruka asubuhi wakarudi wenyewe, na mtoto anaona mayai, makinda na wazazi wakilisha. Kuku wa kienyeji pia ni rafiki mzuri kuliko watu wanavyomdhania. Na mkipata nafasi ya kufika Entebbe, nendeni Bustani ya Mimea asubuhi mapema mkitazama juu ya miti: kasuku wa kijivu wangalipo hapo, na kabla ya kuwaona mtawasikia, maana wakiwa wengi wana makelele kuliko gulio.

Kuna mtu anatangaza kasuku mtandaoni. Nitoe taarifa gani?

Hifadhi picha ya tangazo pamoja na jina la akaunti, namba ya simu, bei na tarehe, kabla hajalifuta. Andika kama amesema ana wangapi na wamefika lini. Usijifanye mnunuzi wala kumtisha. Atahamisha ndege usiku huo huo. Peleka kwa mamlaka ya wanyamapori, kisha uliza baada ya siku chache limefikia wapi, na usipojibiwa uliza tena.